Fizi Zisizotoa Damu

Mgonjwa akikwambia fizi zake hazitoi damu, usimpongeze. Mvute kwanza kwenye mwanga. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya meno, wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, kwa sababu mimi niliwahi kumpongeza mtu kwa kipaza sauti mbele ya foleni nzima, na nusura nimpotezee mtoto.

Sikuwa daktari. Nilimaliza kidato cha nne Ujiji, nikakaa nyumbani kwetu Kasingirima mpaka mama akachoka kuniona, ndipo nikapata kazi ya uhudumu katika kliniki ya meno ya kambi moja ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Nilichemsha vifaa, nikashika taa, nikaandika kadi, na asubuhi nikafundisha foleni namna ya kupiga mswaki. Nilifanya hivyo miaka kumi na miwili. Kisha watu wa kambi yetu wakarudi kwao Burundi, kambi ikafungwa, na kazi ikanistaafisha kabla sijafika arobaini. Tangu hapo nimekaa Uvinza, nimekaa Mpanda, nimekwenda Kasanga nikarudi. Sasa nina mwezi wa tatu Ilagala, katika chumba cha kupanga karibu na wanakoanika dagaa. Watu wakiniuliza natafuta nini, nasema biashara.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Komba, tabibu wa meno kutoka Songea, mtu mfupi mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Serikali ilimleta Kigoma kwa miaka miwili, akasahaulika huku mpaka mvi zikamwota. Alihudumia kambi kadhaa, kwa hiyo kwetu alikuja kila baada ya wiki mbili. Siku yangu ya kwanza nilishika taa vizuri mpaka aliponyanyua jino lenye mizizi mitatu. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, na taa bado nimeikumbatia kifuani.

"Huyu anafaa," Mzee Komba alimwambia mgonjwa. "Ameanguka, taa hajaivunja."

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kabla mgonjwa hajafungua kinywa, alimuuliza: "Unakula na nani?" Si unakula nini, ambalo ndilo swali la meno. Nani. Swali hilo halikuwemo kwenye kadi, nami niliona ni umbea wa mzee aliyekaa mbali na mke wake. Yeye akiwa safarini, mimi sikuliuliza. Nilifuata kadi.

Kadi yetu ilikuwa na maswali ya ndiyo na hapana. Anavuta sigara? Anatafuna tumbaku? Fizi zinatoa damu zikiguswa? Ni kadi nzuri, inakupa raha ya kumaliza.

Hapo ndipo alipoingia Bibi Konsolata. Alikuwa Mrundi wa umri wa mama yangu, mwembamba, mrefu, na kati ya meno yake mawili ya mbele ya juu palikuwa na mwanya ambao vijana wa foleni waliusifu waziwazi. Alikuja na kibanio puani. Wengi wenu hamjaona kitu hicho. Wazee wa Burundi na wa kwetu Uha hawakunusa ugoro mkavu. Waliloweka tumbaku, wakakamua maji yake, wakayavuta puani, kisha wakaibana pua kwa kijiti kilichopasuliwa katikati ili maji yasimwagike mapema. Bibi yangu mwenyewe alikuwa nacho. Nilikua nikidhani bibi wote duniani huongea kwa sauti ya puani mpaka saa nne asubuhi.

"Unavuta sigara, Bibi?"

"Oya," alisema. Kwao ndiyo hapana.

"Unatafuna tumbaku?"

"Oya, muganga. Kutafuna ni uchafu."

Nikaandika hapana, na hapana. Kibanio nilikuwa nakiona, kiko nusu mkono kutoka machoni mwangu. Lakini pua haikuulizwa kwenye kadi, nami niliona pua si mdomo. Nikagusa fizi zake kwa chuma. Zilikuwa ngumu, zimepauka kidogo, na hata tone la damu halikutoka. Siku hiyo wagonjwa wote niliowagusa walikuwa wametoa damu, na huyu, aliyepiga mswaki kwa kijiti cha mti na maji matupu, safi.

Nilimshika mkono, nikamtoa nje kwenye foleni, nikachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mnaona fizi za Bibi Konsolata? Hazitoi damu! Hana dawa ya meno, hana mswaki wa dukani, ana bidii tu!"

Mama mmoja mnene aliyekaa juu ya ndoo akapaza sauti: "Ana tumbaku puani pia! Basi mtugawie tumbaku, miswaki mkae nayo!"

Foleni ikacheka, mimi nikacheka, Bibi akacheka kupitia kibanio chake. Kuanzia siku hiyo watu wakamwita Bibi Fizi, na kila alipopita kliniki nilimtoa nje kama kombe la mashindano.

Alipokuja mara ya pili aliniambia habari ya mwanya. Siku ya kukimbia, mitumbwi iliposukumwa majini, mtumbwi wa kwanza ulikuwa na nafasi ya mtoto tu. Akampandisha binti yake Dafroza, wa miaka sita, yeye akapanda wa pili. Wa pili ulifika kaskazini ya Kigoma. Wa kwanza hakuna aliyemwambia ulifika wapi. Katika kambi palikuwa na ubao wa picha za watu wanaotafutana, na picha hizo zilipelekwa kambi nyingine. Picha zote watu wamenuna, isipokuwa ya Konsolata.

"Mpiga picha alinikataza kucheka," aliniambia. "Nikamwambia, mwanangu hanijui kwa macho, ananijua kwa hapa."

Akaeleza kwamba alipokuwa akiwasha moto, Dafroza alikuwa akiiba njiti ya kiberiti na kumchomekea kwenye mwanya, ikakaza, mama akawa hawezi kumgombeza. Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Njiti moja iliingia sawasawa, si kulegea, si kubana.

Halafu akachukua kiberiti cha jiko letu la kuchemshia vifaa, akanionyesha. Njiti moja iliingia ikaanguka kwenye kanga yake.

"Umeongezeka," alisema, na alifurahi. "Ataniona hata akiwa mbali."

"Bibi, unazidi kupendeza tu," nilimwambia.

Hilo ndilo neno ambalo ningependa kulirudisha kinywani. Meno ya mtu mzima hayatembei bila sababu. Lakini nilikuwa nimeshaandika kwenye kadi: damu, hapana.

Alipokuja mara ya tatu njiti mbili zilipita pamoja, na bahati yake Mzee Komba alikuwepo. Nilimtambulisha kwa majivuno. Mzee hakutazama fizi kwanza. Alitazama kibanio, akamuuliza, "Unakula na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Na itabi, tumbaku hii ya puani, unavuta mara ngapi?"

Bibi akawaza. "Kila ninapomkumbuka mtoto."

Mzee akachukua vyuma viwili, akalibana jino la mbele kwa mipini yake, akalisukuma taratibu. Jino likacheza. Akaingiza chuma chembamba chenye alama pembeni ya jino, kati yake na fizi. Mimi nilikuwa nagusa juu juu na kuridhika. Chuma chake kilizama, kikazama, mpaka nikaona aibu kushika taa. Mfupa ulikuwa umekwisha nusu, na juu yake fizi imetulia kama zulia juu ya shimo.

Hakunigombeza mbele ya Bibi. Alimwambia ukweli kwamba meno yale mawili yalikuwa njiani kutoka, na jitihada ipo lakini haahidi. Bibi akaziba mdomo kwa kiganja. Alipotoka, Mzee akaniketisha kwenye kiti cha wagonjwa.

"Rama, mshipa wa fahamu unaujuaje?"

"Ni kama waya wa simu, Mzee. Jino likiuma, habari zinafika kichwani."

"Umepata nusu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyokuponyoka." Akasogeza stuli. "Ncha ya mshipa wa fahamu kwenye fizi ni mgambo wa sokoni. Akiona mwizi, yaani kijidudu, anatuma habari kituoni, ndiyo. Lakini papo hapo anapuliza filimbi. Filimbi yake ni kemikali, anaimwaga palepale. Ziko nyingi, moja wataalamu wameipa herufi tu, P, kama mtu asiyejulikana kwao. Ikimwagwa, mishipa ya damu inatanuka, chembe nyeupe, ndio askari wenyewe, zinakuja mbio, fizi inavimba, inakuwa nyekundu, ukiigusa inatoa damu. Damu unayoiona ni kelele ya ugomvi."

"Na ugomvi usipokwisha?"

"Askari wanavunja vibanda vya soko. Kibanda ni mfupa unaoshika jino. Ndiyo maana watu wanaotoa damu tunawasafisha mapema."

"Lakini yeye hatoi."

"Kwa sababu ya lile lililo puani. Nikotini inaingia kwenye damu hata ukiipitishia sikioni. Inafanana na kemikali nyingine ambayo mishipa ya fahamu huitumia kuwatuliza askari. Huyo ni mtu aliyeazima sare. Anapita sokoni anasema hakuna kitu, rudini. Tena inabana mishipa ya damu. Mwizi anaiba kimya, kibanda kinaanguka, na wewe unatangaza kwa kipaza sauti kwamba soko ni salama."

Nikainamisha kichwa.

"Na hofu nayo ina kemikali zake," aliendelea. "Mtu aliyeishi na hofu na majonzi miaka, mwili wake umepigiwa king'ora kutwa. Askari wengine wamechoka, wengine wanapiga ovyo. Ndiyo maana nauliza anakula na nani. Mambo haya bado yanachunguzwa, Rama, usije ukajifanya unajua kuliko wanaochunguza. Lakini kuuliza hakugharimu kitu."

Kisha akachukua kadi ya Bibi, akaandika dawa tatu. Kukwangua ugaga chini ya fizi, kila ziara upande mmoja. Kuacha tumbaku. Ya tatu aliandika: ale na mtu.

"Mtu gani, Mzee?"

"Wewe uliyemsifu."

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya foleni ileile. Mzee hakunilazimisha, alikaa tu dirishani akinisubiri. Nikasema kwamba nilikosea, fizi za Bibi Konsolata zinaumwa, tumbaku ndiyo iliyokuwa inaficha, na yeyote anayetumia, ya mdomo, ya pua, ya moto, aje aangaliwe kwa chuma kirefu. Yule mama wa ndoo akasema, "Muganga, kumbe ulikuwa unatangaza maiti!" Watu wakacheka tena, lakini siku hiyo wazee kumi hivi walivua vibanio wakaingia. Kubalini makosa yenu palepale mlipoyafanyia. Ukiyakubali chumbani, foleni inabaki na uongo wako.

Basi nikawa nakula na Bibi Konsolata. Yeye alileta unga na njegere za mgao, mimi nilileta mawese, na nikitoka Ujiji, mgebuka mkavu, samaki wa ziwani kwetu. Alikula polepole kwa meno ya pembeni. Alinifundisha kusema ahsante kwa Kirundi na akanicheka kwa jinsi ninavyosema. Mimi sikuwa na mke wakati ule, sina sasa. Sijawahi kula na mtu mmoja muda mrefu kama nilivyokula naye.

Wiki ya tatu alikuja na kitambaa chenye damu, akakitupa juu ya kadi zangu.

"Mmeniua! Miaka yote fizi zangu safi, nimeacha itabi tu, sasa asubuhi natema damu. Muganga wa uongo wewe! Ulisema nzuri, ukasema mbaya, sasa ndiyo umezifanya mbaya kweli!"

"Bibi, hiyo damu ni askari wamerudi..."

"Askari! Mimi nimewakimbia askari, wewe unaniwekea mdomoni?"

Akaondoka. Mfano wa Mzee Komba ulikuwa mzuri kwangu niliyekulia Kasingirima bila kukimbizwa na mtu. Kwake ulikuwa kisu. Chagueni mifano kwa kumtazama anayesikiliza. Tangu siku ile sikutaja tena askari kwa mkimbizi yeyote. Nilisema wakunga, nilisema majirani waliokuja kuzima moto.

Hakuja siku mbili za chakula. Ya tatu nilibeba sufuria mpaka kwenye kibanda chake. Alikuwa amekaa mlangoni, kibanio puani, macho yamemjaa maji ya tumbaku au ya kitu kingine. Niliweka sufuria chini, nikatoa kiberiti, nikampa njiti mbili. Alijua maana yake. Akazichomeka kwenye mwanya, zikapita, zikaanguka zote.

Kuku wa jirani akaja akazidonoa njiti, akaziacha.

"Itabi ndilo ninaloongea nalo," alisema mwishoni kwa ile sauti ya puani. "Nikiliacha nitaongea na nani?"

Nilikuwa na majibu ya kliniki. Nikasema tu, "Leo kuna mgebuka."

Akavua kibanio, akapenga, akanawa. Tukala.

Damu ilidumu majuma kadhaa, halafu ikapungua, na safari hii ilipungua kwa haki. Mzee Komba alikwangua ugaga ziara baada ya ziara. Kisha akayafunga yale meno mawili na ya jirani kwa waya mwembamba wa chuma, akiuvuta kidogo kila ziara. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumpa amri kama ile: mwanya usizibe, usizidi, ukae kama Dafroza alivyouacha. "Nimeunganisha taya zilizovunjika," Mzee alisema, "sijawahi kushona tundu kwa kipimo cha mtoto." Kila mara alipimisha njiti. Mbili zikakataa kupita. Moja ikasimama ikitikisika. Alipofika hapo akasema mfupa umegoma kwenda zaidi, tuushukuru kwa ulipofika.

Ndipo mabasi ya kurudi Burundi yakaanza. Jina la Bibi lilikuwa kwenye orodha za mwanzo. Aliamini mtumbwi wa kwanza huenda uligeuka ukarudi upande wa kwao, kwa hiyo alitaka kwenda. Asubuhi ya safari nilimkuta ameshapanda, kwenye dirisha. Akanipa kibanio chake.

"Kitunze, nisije nikakitamani njiani."

"Na njiti?"

Akafunua ncha ya kanga. Alikuwa na njiti moja ameizungusha uzi mwekundu mara mbili. Akaichomeka kati ya meno. Ikasimama. Akatikisa kichwa huku na huku kunionyesha, haikuanguka. Hakuweza kusema, kwa hiyo alicheka tu bila maneno, na basi likaondoka akiwa vile, njiti imesimama kama mshumaa mdogo. Alishaniambia siku moja kwamba uzi si udanganyifu: "Naye amekua. Vidole vyake vimenenepa."

Sijui kama Dafroza aliuona ule mwanya. Sikupata habari, na hakuna wa kumuuliza. Mzee Komba alihamishwa, kisha akafariki kwao Songea; nilisikia mwaka mzima baadaye, kwenye kituo cha mafuta Mpanda. Mimi kila ninapohamia nachungulia vinywa vya wanawake sokoni, Kibirizi, Uvinza, popote. Mwanya mwingine hurithiwa. Wengi hunidhania mtu mbaya.

Wiki mbili zilizopita nilishuka mjini, nikaingia kliniki moja nikaangaliwa meno. Aliyenihudumia alikuwa binti mdogo, mpole, koti lake jipya.

"Shikamoo, baba. Unavuta sigara?"

"Marahaba. Hapana."

"Unatafuna tumbaku?"

"Hapana."

Akanigusa fizi juu juu. "Hongera, baba! Hazitoi damu kabisa."

Nikamshukuru, nikatoka, nikarudi Ilagala. Sikumdanganya. Kadi yake haina pua. Kibanio cha Bibi Konsolata kinakaa ndani ya kikombe changu pamoja na mswaki, mswaki mmoja, na nilipohamia Uvinza nilikivaa siku moja kwa mzaha tu, nisikie sauti yake ikitoka kwangu. Sasa nakivaa, na maji ya tumbaku puani, kila nikimaliza kula. Jana nilichukua njiti nikaipitisha kati ya meno yangu ya mbele, mahali ambapo zamani hata uzi ulikwama. Ikapita.

Jumatatu narudi kwako, binti. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Tumia chuma kirefu. Niulize la pua. Kisha weka kadi chini, niulize nakula na nani, na usiandike kitu mpaka nijibu.